Mgomba wa Ida

Marselina alizaliwa Kitura, huko juu ambako mtu huvuka mto kwa kuruka jiwe kwa jiwe na maji ya kuogopwa ni ya mvua ya mawe tu. Baba yake alikuwa na kahawa, na kahawa ilitaka mikono. Kaka zake wakaenda shule, yeye akabaki kuchuma. Hakulalamika, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba kuna cha kulalamikia. Alipokuwa mkubwa alijua kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, hata kwenye jua kali, kuanika buni na kunyamaza mbele ya watu wazima. Hayo matatu ndiyo aliyokwenda nayo kwa mume.

Mume mwenyewe alikuwa Stephano, mtu wa ziwani aliyekuwa akipandisha usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kuuza vijiji vya milimani. Alikuwa mpole, hana kelele za wachuuzi, na akipunjwa hucheka. Marselina alimpenda kwa ule upole, asijue kwamba mwanaume mpole kwa kila mtu huwa mpole hata kwa anayekuumiza. Alishuka naye mpaka Lituhi, kwenye kitongoji kilichokaa karibu na mahali mto unapoingia ziwani.

Huko walimpokea kwa utani. Wamatengo, walisema, wakiona wimbi hutafuta mti wa kupanda. Siku ya kwanza alipoingia kwenye mtumbwi alishika kingo zote mbili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakacheka hata sufuria ya mmoja wao ikachukuliwa na maji. Yeye pia alicheka. Baadaye alijifunza kupiga kafi, kuanika usipa kwenye vichanja, kunusa upepo mbaya kabla haujafika. Haikusaidia. Kila ugomvi mdogo ulimalizikia palepale: "Mwacheni, huyo ni wa mlimani, maji ya kunawa tu yanamtisha." Ulikuwa mzaha, na mzaha huliwa na ugali, hauui mtu.

Huo ndio uliokuja kumwua yeye, ingawa bado anatembea.

Mtoto alichelewa. Mama mkwe alikufa akiwa ameshaacha kuuliza, na mawifi wakaacha kuficha vicheko. Ndipo akaja Ida. Alikuwa mtoto wa kusikia. Ukimwambia kaa hapa, anakaa mpaka wewe umsahau. Stephano alijivunia jambo hilo kuliko chochote. "Mwanangu hajibizani na mkubwa," alisema mbele za watu, na Ida akisikia alizidi kunyamaza ili baba aendelee kumsifu.

Mafuriko yalikuja Ida akiwa darasa la tatu. Lituhi mvua haikunyesha siku ile. Jua liliwaka, usipa ulikuwa kwenye vichanja. Mvua ilikuwa imenyesha juu, na mto ukaja nayo asubuhi, mwekundu, umebeba migomba na milango ya watu. Stephano alikuwa amekwenda Mbamba Bay. Marselina alimshika mtoto mkono wakapanda kichuguu nyuma ya nyumba, na maji yakakizunguka kichuguu kile kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Kaka yake Stephano, jina lake Xaveri, alipita na mtumbwi. Marselina alimwita, naye akasogea. Ndani ya mtumbwi mlikuwa na wavu wake mkubwa, umejazwa kutoka mbele mpaka nyuma. Xaveri aliondoka na wavu. Ida hakuondoka naye, na kichuguu kilipomeguka hakuonekana tena. Marselina alikutwa amekwama kwenye matete, tumbo limejaa maji, hajitambui.

Alipelekwa zahanati, akalala huko na homa. Alipoweza kukaa na kuongea, Xaveri alikuwa ameshaongea. Alisema alifika kwenye kichuguu na mtumbwi mtupu. Akasema alinyoosha mikono, akabembeleza, akaita, "Shemeji, ingieni!" Lakini shemeji alimkumbatia mtoto akakataa kata kata kukanyaga mtumbwi, kwa ile hofu yake ya watu wa mlimani. Wakati wanabishana, kichuguu kikaenda.

Nani asingeamini? Kila mtu alikuwa ameucheka ule mzaha. Sasa mzaha ulikuwa umepata ushahidi.

Marselina alimwambia mumewe ukweli akiwa bado zahanati. Stephano alimsikiliza, akamfunika shuka vizuri, akasema, "Mama Ida, uchungu unakuchanganya. Kaka hawezi."

"Wavu ulikuwa mtumbwini."

"Pumzika."

"Stephano, nakwambia wavu ulikuwa mtumbwini."

"Basi, basi. Pumzika."

Hakumpiga, hakumtukana, hakumfukuza. Aliacha tu kumtazama usoni. Walipopewa turubai kwenye mwinuko karibu na shule, pamoja na wengine waliopoteza nyumba, alilala upande wake na yeye upande wake, na katikati wakaweka ndoo.

Baada ya miezi kadhaa akaja Jacqueline. Alikuwa afisa ustawi wa jamii, binti wa Singida, mpole, mwenye viatu vilivyokuwa vinamsumbua kwenye mchanga. Watu walimwita dada wa ustawi. Alisema nyumba hujengwa kwa matofali, lakini moyo uliobomoka nao unataka kujengwa, na kwamba anayemeza kilio humezwa nacho. Maneno hayo hayakuwa mabaya. Akawa anawakusanya Jumatano alasiri kwenye darasa moja, wakikaa kwa duara, na kila aliyetaka alisema kinachomkereketa. Akimaliza, wote humwambia "pole" kwa pamoja.

Watu walianza kupona kweli, hilo Marselina hakulikana. Mzee aliyekuwa akikimbilia mlimani kila mawingu yakifunga aliacha kukimbia. Mama mmoja aliyekataa kuosha nguo za marehemu mumewe alizifua zote, akazianika, akalia mpaka zikakauka. Na aliyewapa moyo kuliko wote alikuwa Xaveri, wakamwita mkombozi. Yeye ndiye aliyechaguliwa kiongozi wa duara, kwa sababu alijua kuongea, na kwa sababu siku ile alikuwa ametoa watu kadhaa majini baada ya kupeleka mzigo wake. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kila duara lilipopoa, Xaveri alisimulia habari ya kichuguu. "Nilinyoosha mikono hii," alisema, akiionyesha. "Namwona mtoto, ananiangalia. Nasema shemeji, nipe mtoto basi, wewe baki. Hataki. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile sura." Hapo sauti ilimkatika, wanawake wakajifuta machozi, na wote wakasema, "Pole, Xaveri." Kisha wakamgeukia Marselina kwa huruma, ile huruma anayopewa mtu aliyejikata mwenyewe na panga lake.

Kijiji kizima kilikuwa kinapona kwa kutumia mtoto wake.

Siku moja Jacqueline alimfuata turubaini, akamkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwenye hiyo ndoo, usikae chini, utachafuka."

Jacqueline alikaa. "Mama, umekuja kwenye duara mara zote, lakini hujasema hata neno. Na wewe una jambo kubwa kuliko wote. Ungelitoa, ungepumua."

"Na mtu akisema uongo pale, mnamfanyaje?"

"Pale hatumhukumu mtu, mama. Kila mtu anasema vile anavyojisikia."

"Basi ni pazuri," Marselina alisema. "Ningekuwa mwongo ningehamia kabisa."

Jacqueline alicheka kidogo, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki. Akauliza nani anasema uongo. Marselina alikata muhogo katikati, akauangalia kama umeoza ndani. "Wewe ni mgeni," alisema. "Utahamishwa. Mimi nimezikwa hapa."

Binti akaondoka na mihogo miwili aliyopewa. Hakuwa mjinga. Jumatano iliyofuata hakumwachia Xaveri nafasi ya kusimulia. Lakini wiki ile haikupita bila ukoo kuitana.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Aliyechukuliwa na maji asirudishwe huzikwa kwa mgomba. Hukatwa gogo lenye urefu wa marehemu, likavishwa nguo zake, likalazwa kwenye mkeka. Mtu wa mwisho kumwona akiwa hai huinama, huliita lile gogo kwa jina la marehemu, hulieleza jinsi walivyoachana. Hapo ndipo gogo linakuwa mtu na kufungwa sanda. Udongo ukishafukiwa, habari ile haisemwi tena kwa namna nyingine. Anayeifukua ni mchawi au adui.

Shangazi yake Stephano, Anjelina, ndiye aliyekuwa msemaji wa mambo ya misiba. Alimwita Marselina pembeni ya shule, mahali wanapokoshea vyungu.

"Mke wetu," alisema, "matanga ya Ida yamelala mno. Watoto wanamwota. Hata yule binti wa ustawi amesema kuzika kutawasaidia watu. Jumamosi tumzike."

"Nami nataka azikwe, shangazi."

"Vizuri. Xaveri ndiye atakayeita."

Marselina aliweka chungu chini. "Wa mwisho kumwona ni mimi."

"Wewe ulizirai."

"Sikuzirai kabla hajaondoka. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyemwona akienda, halafu mgomba wake aitwe na mtu aliyekuwa amempa mgongo?"

"Punguza sauti."

"Wavu ulikuwa mtumbwini, shangazi."

Bibi yule hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Marselina. Aliendelea kusugua sufuria na mchanga, taratibu, akizungusha mkono.

"Unafikiri hatuna macho?" alisema mwishowe. "Nyumba ya Xaveri ilikwenda na mlango na kitanda na mbuzi. Kesho yake wavu ukaanikwa pale juu, mzima, haujapungua hata kigae kimoja cha kuuzamisha. Uliogelea wenyewe?"

"Mnajua."

"Tunajua. Na tangu siku ile tumekula nini hapa? Usipa wa wavu gani? Wewe mwenyewe umekula. Mke wetu, Ida hatarudi tukimvua Xaveri nguo. Watu wameanza kulala usingizi. Wana mtu mmoja wa kumtazama na kusema, yule alitupigania. Ukiwanyang'anya huyo, utawapa nani? Wewe?"

Marselina alikuwa amezoea kuwaona watu wale kama waliodanganywa. Siku zote alikuwa akiwaonea hata huruma kidogo. Sasa alisimama pale na mikono yake yenye majivu, akajua kwamba hakuna aliyedanganywa. Walichagua. Waliweka wavu upande mmoja na mtoto wake upande wa pili, kama Xaveri alivyofanya, wakachagua vilevile.

"Nimesikia, shangazi," alisema.

Jumamosi watu walijaa. Kaburi dogo lilichimbwa kwenye mwinuko, mbali na mto. Mgomba ulilazwa mkekani umevishwa sketi ya shule ya Ida, ile ya akiba iliyookotwa kwenye matope ikafuliwa, na blauzi ya kuazima. Katekista alisali. Wanawake waliimba. Jacqueline alikuwepo, amejifunga khanga juu ya suruali yake kwa heshima, anafuta macho.

Shangazi Anjelina akasema, "Aliyemwona mwisho, asogee."

Xaveri alivua kofia. Alipiga magoti upande wa kichwa cha gogo, akakohoa, akasema, "Ida, mwanangu. Ni mimi baba yako mkubwa. Nilikuja na mtumbwi mtupu..."

"Usimwite."

Marselina hakupiga kelele. Alikuwa ameshafika, amekaa chini upande wa pili wa mkeka, miguu ameinyoosha kama mama anayenyonyesha.

"Shemeji," Xaveri alisema kwa upole, kwa sauti ya Jumatano, "tuelewane. Uchungu ni wetu sote."

"Uchungu ni wako, mtoto ni wangu. Ondoa mkono wako kwenye hiyo blauzi."

"Mke wetu!" Shangazi alionya.

Stephano alisogea hatua akasimama. Marselina hakuwaangalia. Aliinama juu ya gogo mpaka pua ikakaribia kuligusa, lilinuka utomvu, akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwamsha mtoto aende shule, na watu ikabidi wanyamaze ili wasikie.

"Ida. Ni mama. Nakwambia tulivyoachana, usije ukaambiwa vingine. Tulikuwa kwenye kichuguu. Baba yako mkubwa alikuja. Mtumbwi ulikuwa na wavu. Nilimwambia mwaga wavu, mchukue mtoto, akasema wavu huu ndio unaowalisha. Nikakushusha majini mwenyewe, maji yalikufika kifuani, nikakusukuma. Ukashika ukingo wa mtumbwi. Uliushika vizuri, mwanangu, kwa mikono yote miwili. Mtumbwi ukalala upande. Akakwambia, achia, Ida, achia, tutazama wote. Ukanitazama mimi. Mimi nikasema usiachie. Yeye akasema achia, kwa ukali. Nawe ni mtoto wa kusikia. Ukaachia. Hukuanguka, hukusukumwa, na mama yako hakuogopa mtumbwi. Uliambiwa na mkubwa, ukatii. Ndivyo tulivyoachana. Sasa lala."

Akachukua ncha ya sanda, akaanza kulifunga gogo peke yake.

Xaveri akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yanatikisika, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Na watu wakafanya walichozoea kufanya kila Jumatano. Sauti moja ikasema, "Pole, Xaveri." Nyingine ikafuata. Wanawake wawili wakamshika mabega, wakamwinua, wakampeleka kivulini, wakampa maji.

Marselina aliendelea kufunga.

Jacqueline alikuja akapiga magoti kando yake, uso umelowa. "Umeweza, mama. Umelitoa."

"Sijalitoa," Marselina alisema. "Nimeligawa. Kila mmoja hapa sasa ana kipande chake. Wewe chako usikipoteze huko utakakohamishiwa."

Binti aliinua upande wa miguu wa lile gogo ili sanda ipite chini yake, na hilo Marselina alilikumbuka kwa wema, kwa kuwa siku ile wema haukuwa mwingi.

Waliposhusha mgomba kaburini, Stephano alikuwa bado amesimama palepale. Kwa mara ya kwanza tangu zahanati alimtazama mke wake usoni.

"Aliachia mwenyewe?"

"Aliambiwa."

"Na alimsikia?"

"Ulimfundisha wewe. Ulikuwa unajivunia."

Aliyasema akijua yatakakoingia. Aliyaona yakiingia. Angeweza kuyazuia, na hakuyazuia, wala hajawahi kuyajutia. Stephano aliinama, akachukua udongo kwa mikono mitupu ingawa majembe yalikuwepo, akaanza kufukia. Hakusema "kaka hawezi." Hakusema neno lolote. Marselina alitaka neno moja tu, na mpaka leo hajalipata.

Chakula cha msiba kilikuwa ugali wa muhogo na usipa. Watu walikula, yeye akala ugali mkavu.

Kuna waliodhani baada ya hapo Xaveri atahama, au ataomba msamaha, au duara litavunjika. Hayakutokea. Jumatano watu walirudi darasani, na Xaveri akakaa kwenye kiti chake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Marselina naye alikwenda. Alikaa mbele yake kabisa.

Mwanamke mmoja aliyehamia karibuni kutoka Lundo, asiyejua habari, aliuliza kwa nini wanamwita Xaveri mkombozi. Xaveri alijikohoza. Alieleza mto ulivyokuja, nyumba zilivyokwenda, jinsi alivyomtoa huyu na yule. Alikuwa hodari bado. Sauti ilipanda na kushuka pazuri.

"Halafu nikafika kwenye kichuguu," alisema.

Marselina aliinua macho, akamngoja.

"Nikafika pale," Xaveri alirudia. Aliitazama mikono yake, lakini hakuinyoosha. "Basi. Mengine mnajua wenyewe."

Yule mgeni akageuka huku na huku akitafuta wa kummalizia. Hakuna aliyemmalizia. Walitazama vidole vya miguu yao, wote, na hakuna aliyesema pole. Marselina alikaa kidogo zaidi, awape nafasi. Kisha akasimama, akakung'uta khanga yake, akatoka kwenda shambani kupalilia mihogo.